Si mwili unaoizoea dawa: jinsi bakteria sugu wanavyosambaa vijijini Lamu

Katika visiwa vya Lamu, kuanzia mjini Amu hadi Siyu, Faza na Kizingitini, mgonjwa ambaye dawa haikumsaidia husema kwamba mwili wake umeizoea, na kwa hiyo sasa anahitaji dawa yenye nguvu zaidi au sindano. Kauli hiyo inaeleweka, kwani kwa nje ndivyo mambo yanavyoonekana: dawa ileile iliyomponya mwaka juzi safari hii imeshindwa. Lakini mwili hauizoei antibiotiki. Wanaobadilika ni bakteria, na tofauti hiyo ina uzito mkubwa, kwa sababu mwili wa mtu ni wake peke yake ilhali bakteria hutoka kwake wakaingia kwa jirani. Mtu ambaye hajawahi kumeza kidonge maishani mwake, hata mtoto aliyezaliwa jana, anaweza kuugua kwa bakteria ambao dawa tatu au nne tayari haziwadhuru. Makala haya yanaeleza jinsi jambo hilo linavyotokea, na kwa nini naamini kwamba lawama tunayomtupia mgonjwa, kuwa hakumaliza dozi, imetufichia sehemu kubwa ya tatizo.

Antibiotiki ni dawa zinazoua bakteria au kuwazuia wasizaane, na kila kundi la dawa hizo lina mahali pake pa kushambulia. Penisilini na amoksilini huvuruga ujenzi wa ukuta unaomzunguka bakteria, naye hupasuka. Tetrasaiklini huzuia utengenezaji wa protini anazozihitaji ili aishi. Virusi havina ukuta huo wala havitengenezi protini kwa njia hiyo, na ndiyo sababu antibiotiki haifanyi lolote kwa mafua, kwa sehemu kubwa ya vikohozi vya watoto, wala kwa kuhara kunakoletwa na virusi vya rota. Mtoto anayeharisha maji huokolewa na maji ya chumvichumvi yenye sukari pamoja na vidonge vya zinki. Antibiotiki aliyopewa haikumponya. Alipona wakati ambapo angepona hata bila hiyo, na sifa ikaiendea dawa.

Usugu wenyewe ulikuwepo kabla ya dawa. Bakteria na kuvu wamepigana kwa sumu tangu zama za kale, na mwaka 2011 watafiti waliripoti kwamba walikuta jeni za usugu katika udongo wa Kanada ulioganda kwa muda wa miaka 30,000 hivi. Alexander Fleming alipogundua penisilini mwaka 1928 alikuwa ameona silaha ambayo kuvu alikuwa nayo siku zote, na alipopokea Tuzo ya Nobel mwaka 1945 alionya kwamba dawa hiyo ikitumiwa kwa kiasi kidogo kisichotosha kuua, itawafundisha bakteria kuihimili. Dawa, basi, haiumbi usugu kutoka pasipo kitu. Kazi yake ni kuchagua. Bakteria kama E. coli, akiwa katika mazingira mazuri, anaweza kugawanyika kila baada ya dakika 20, na katika mamilioni wanaozaliwa hutokea wachache ambao jeni zao zimepata kasoro ndogo inayowanusuru na dawa. Dawa isipokuwepo, wachache hao hawana faida yoyote juu ya wenzao na pengine ni dhaifu kuliko wao. Dawa ikiingia, wenzao hufa, nao hubaki na uwanja mzima.

Kama mambo yangeishia hapo, usugu ungekwenda polepole. Katika miaka ya 1950, madaktari wa Japani walishangazwa na wagonjwa wa kuhara damu ambao bakteria wao, aina ya Shigella, walihimili dawa nne za aina tofauti kwa wakati mmoja, jambo ambalo kwa hesabu ya kasoro za nasibu halikupaswa kutokea mara kwa mara. Wanasayansi wa nchi hiyo wakaonyesha kwamba usugu ulikuwa ukihama kutoka bakteria mmoja hadi mwingine, hata kati ya aina zisizo za ukoo mmoja. Kinachohama ni kipande cha jeni chenye umbo la pete, kiitwacho plasmidi, ambacho bakteria hukinakili na kumpa mwenzake wanapogusana. Nahodha anayeijua njia ya mlango wa Mkanda, pale kati ya Manda na bara, humwonyesha mwenzake, na baada ya hapo wote wawili wanaijua, hakuna aliyepungukiwa. Plasmidi moja inaweza kubeba jeni za kuhimili dawa tano au sita kwa pamoja, kwa hiyo matumizi ya dawa moja tu hulinda usugu dhidi ya dawa nyingine zote zilizomo katika pete hiyo.

Hapa ndipo suala la dozi linapohitaji kutazamwa upya. Mtu anapomeza amoksilini kwa ajili ya kifua, dawa haiendi kifuani peke yake; hupita tumboni, huingia katika damu, hufika kwenye ngozi, koo na utumbo mpana. Utumbo huo ni makao ya matrilioni ya bakteria wasiomdhuru, na wote hao hukutana na dawa hiyo. Wale wa kawaida hufa, wenye plasmidi huongezeka, na kwa majuma au hata miezi kadhaa baadaye mtu huyo, akiwa mzima wa afya, hubeba wingi wa bakteria sugu asiouhisi. Haya hutokea hata kama alimeza kila kidonge kwa saa yake. Kumaliza dozi ni muhimu kwa kuponya ugonjwa, na kwa kifua kikuu, kinachotibiwa kwa kawaida kwa miezi sita, ni muhimu mno, kwa kuwa bakteria wa kifua kikuu hawapeani plasmidi na usugu wao huzaliwa ndani ya mgonjwa aliyetibiwa nusunusu. Asiache mtu dawa hizo kwa kuwa amesoma makala. Ila kwa bakteria wa tumboni, swali la kwanza ni kama dawa ilihitajika. Dozi iliyokamilishwa kikamilifu kwa ugonjwa wa virusi ni hasara tupu, na ni hasara kwa jamii nzima.

Bakteria hao wa tumboni hutoka na choo, na kuanzia hapo habari ya usugu inakuwa habari ya maji. Mji wa kale wa Lamu, uliowekwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, una nyumba za mawe zilizobanana, vyoo vya shimo ndani ya nyumba, visima vya zamani hatua chache tu kutoka vyoo hivyo, na mitaro iliyo wazi inayoteremka vichochoroni kuelekea pwani. Asubuhi, mtaro mmoja hupitisha maji ya kufulia, ya jikoni na ya bafuni, na mvua za masika zikizidi, hupitisha pia kilichofurika kutoka mashimoni. Punda hukanyaga humo na kuacha kinyesi chao. Watoto huvuka miguu mitupu. Maji matamu ya mji huu hutegemea visima vya mchanga wa Shela, ambako mvua huchujwa na vilima vya mchanga, na kila jengo linaloongezwa karibu na vilima hivyo, pamoja na shimo lake la choo, huwekwa juu ya chanzo kilekile tunachokinywa.

Kisiwani Pate hali ni nyingine. Maji ya ardhini mahali pengi yana chumvi, na watu wa Faza, Kizingitini na vijiji vya jirani wamejenga jabia tangu enzi za mababu, yaani uwanja wa sakafu uliosakafiwa kwa chokaa au saruji ili kupokea mvua na kuielekeza kwenye birika. Ni ufundi wa heshima, na birika lililotunzwa huhifadhi maji kwa miezi. Lakini uwanja huo huo ukikosa uzio, mbuzi na kuku hupita juu yake, mvua ya kwanza huosha kila kilichoachwa na kukimwaga ndani, na ndoo moja yenye kamba iliyoburutwa chini huingizwa na kila mtekaji. Birika likiwa moja na wanywaji ni kaya nyingi, bakteria aliyetoka katika nyumba moja yenye mgonjwa hufika katika nyumba zote bila ya mtu yeyote kununua dawa. Kiangazi kirefu kinapobakisha maji kidogo chini, hayo machache ndiyo yenye uchafu mwingi, na ndiyo yanayonywewa.

Kwamba kula na kunywa hutosha kumbebesha mtu bakteria sugu limethibitishwa mbali na hapa. Watafiti wa Uholanzi waliwapima wasafiri kabla na baada ya safari zao za nchi za nje, na mwaka 2017 wakatangaza kuwa zaidi ya thuluthi moja ya waliokuwa safi walipoondoka walirudi wakiwa na bakteria wa tumboni wanaozalisha kimeng'enya kinachovunja seftriaksoni, antibiotiki kali ya sindano, na dawa za jamaa yake. Baadhi yao waliwaambukiza watu wa nyumbani mwao. Hao walikuwa watu wenye vyoo vya kuvuta maji na mifereji safi, waliokaa ugenini majuma machache. Sisi tunaoishi karibu na mtaro mwaka mzima hatuwezi kudhani kwamba tatizo limo katika bahasha ya vidonge tu.

Bahasha hiyo nayo ina habari yake. Kemisti ya kijijini mara nyingi ni chumba kimoja chenye kaunta ya mbao na rafu za kioo, na mnunuzi wake hafiki na karatasi ya daktari. "Mwanangu, nikatie zile za rangi mbili za shilingi hamsini," mama mtu mzima humwambia kijana wa dukani, naye kijana hujibu, "Haya mama," huchukua mkasi, hukata vidonge vinne au sita kutoka kwenye pakiti, huvitia katika bahasha ndogo ya karatasi na kuandika juu yake "1 x 3". Vidonge viwili vitamezwa usiku huo. Vilivyobaki vitawekwa kabatini kumngojea mgonjwa mwingine. Mvuvi aliyekatwa mguu na matumbawe alipokuwa akitafuta kamba hupasua kapsuli na kumwaga unga wake juu ya jeraha, akiamini kwamba dawa iliyo karibu na kidonda hufanya kazi kuliko iliyo tumboni. Kumbe unga huo huwakuta bakteria wa ngozi kwa kipimo kisicho sawa, huku mwingi na kule kidogo, na pale penye kidogo ndipo Fleming alipotuonya. Maji safi na sabuni kwa jeraha kama hilo hufanya kazi kubwa zaidi.

Sheria ya Kenya inayosimamia dawa, ambayo hutekelezwa na Bodi ya Famasia na Sumu, inataka antibiotiki ziuzwe kwa cheti cha tabibu. Sitaki kumtetea muuzaji anayeivunja, lakini ni lazima tuone kinachomsukuma mnunuzi. Kutoka vijiji vya mbali vya Pate, Ndau au Kiwayu kwenda hospitali kuu ya kaunti mjini Lamu ni safari ya boti inayotegemea maji kujaa na kupwa, nauli ya kwenda na kurudi kwa watu wawili, na siku nzima ya kazi iliyopotea. Zahanati ya karibu huenda imeishiwa dawa juma hilo. Kwa mzazi mwenye mtoto wa homa saa mbili usiku, kemisti ndiyo hospitali. Ukifunga mlango huo bila kufungua mwingine, kuna watoto wenye nimonia ya kweli watakaokufa kwa kukosa amoksilini, dawa ambayo bado inawaokoa wengi. Kukosa dawa na kutumia dawa ovyo ni balaa mbili zinazoishi katika nyumba moja, na hatua yoyote inayotazama moja tu huizidisha ya pili.

Ugumu mkubwa upo katika homa yenyewe. Zamani, kila homa ya pwani ilitibiwa kama malaria. Vipimo vya haraka vya malaria vilipofika vijijini vilipunguza kosa hilo, lakini vikaacha swali jipya mezani kwa muuguzi: kama si malaria, ni nini? Uchambuzi wa data za zaidi ya wagonjwa 500,000 kutoka nchi kadhaa za Afrika, Tanzania na Uganda zikiwemo, pamoja na Afghanistan, uliochapishwa mwaka 2017, ulionyesha kwamba asilimia 69 ya waliokutwa hawana malaria walipewa antibiotiki, wakati waliokutwa nayo walipewa kwa asilimia 40. Kipimo kizuri cha ugonjwa mmoja kilisukuma mzigo upande wa pili. Kisha kuna kipimo cha Widal, ambacho kwa matone machache ya damu humtangazia mtu kuwa ana homa ya matumbo. Kipimo hicho hutafuta kingamwili, yaani protini za kinga ambazo mwili hutengeneza dhidi ya maambukizi, na kingamwili hizo zaweza kuwa za maambukizi ya miaka iliyopita au ya bakteria wengine wanaofanana. Kikifanywa mara moja tu hakiwezi kutenganisha ugonjwa wa leo na wa zamani. Watu wangapi katika ukanda huu wameambiwa mara tatu kwa mwaka kwamba "taifodi imerudi", wakamaliza dozi tatu za dawa kali kwa ugonjwa ambao huenda hawakuwa nao!

Hata hivyo, hatari ya bakteria vijijini si ya kubuni. Kituo cha utafiti cha KEMRI (Taasisi ya Utafiti wa Tiba Kenya) na shirika la Uingereza la Wellcome Trust kilichoanzishwa Kilifi mwaka 1989, kusini mwa Malindi, kiliotesha maabara damu ya watoto waliolazwa katika hospitali ya huko ili kuona kama ina bakteria, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2005 yalionyesha kwamba zaidi ya robo ya watoto waliofia hospitalini walikuwa na bakteria katika damu. Walitoka vijijini, nao bakteria hao walikuja nao kutoka nyumbani. Miongoni mwa bakteria hao wamo Salmonella wasio wa taifodi, ambao barani Afrika wametawaliwa na ukoo mmoja uliokwisha kuhimili ampisilini, kloramfenikoli na kotrimoksazoli, dawa ambayo wengi tunaijua kama Septrin. Kwa watoto wachanga adui mkuu ni Klebsiella, ambaye hukaa katika sinki, mirija na mikono ya wahudumu, na ambaye mara nyingi hazuiliki kwa jentamaisini wala seftriaksoni. Duniani kote, watafiti walikadiria kwamba vifo milioni 1.27 vya mwaka 2019 vilisababishwa moja kwa moja na bakteria sugu, na mzigo mzito zaidi kwa kulinganisha na idadi ya watu ulikuwa Afrika kusini mwa Sahara.

Mifugo ni mlango mwingine, nami nitaupitia kwa ufupi. Wafugaji wa Kiorma na wengine wa upande wa Witu na Hindi hununua tetrasaiklini ya sindano na kuwadunga ng'ombe wao wenyewe, kwa kuwa daktari wa mifugo yuko mbali, nao hukadiria kipimo kwa macho. Maziwa yaliyokamwa kabla ya kwisha kwa siku zilizoandikwa kwenye chupa hubeba mabaki ya dawa, na kuyachemsha huwaua bakteria lakini hakuondoi mabaki yote. Samadi ya ng'ombe hao, na ya kuku wa kizungu wanaotiliwa dawa katika maji ili wasiugue, huenda shambani na kwenye vidimbwi ambako watu na wanyama hunywa pamoja.

Kama chanzo ni kusambaa kwa maambukizi pamoja na matumizi ya dawa, basi tiba iliyo na nguvu kuliko zote ni kutougua. Chanjo ya nimokoka, bakteria anayeleta nimonia, iliingizwa Kenya mwaka 2011, na huko Kilifi magonjwa mazito ya aina za bakteria zilizomo katika chanjo hiyo yalipungua kwa asilimia 92 kwa watoto wa chini ya miaka mitano. Kila nimonia iliyozuiwa ni dozi ambayo haikumezwa. Mwezi Julai 2025 nchi ilianza kampeni ya chanjo ya homa ya matumbo, na nadhani kwa visiwa vyenye maji ya jabia hakuna chanjo iliyongojewa kuliko hiyo. Hesabu iliyotolewa na wataalamu mwaka 2024 ilionyesha kwamba vifo 750,000 kwa mwaka vinavyohusiana na usugu katika nchi za kipato cha chini na cha kati vingeweza kuzuilika kwa usafi wa hospitali, maji salama na vyoo, na chanjo za watoto; karibu robo milioni kati ya hivyo ni kwa maji na vyoo peke yake. Uzio kuzunguka jabia, birika lenye kifuniko na pampu ya mkono badala ya ndoo, mtaro uliofunikwa, shimo la choo lililohamishwa mbali na kisima: hizi ni kazi za fundi mwashi, na kwa maoni yangu zinastahili kuhesabiwa ndani ya bajeti ya kupambana na usugu, wala zisiachwe kwa idara nyingine kama jambo la pembeni.

Kinachobaki ni kujua dawa ipi bado inafanya kazi wapi. Shirika la Afya Duniani limezigawa antibiotiki katika makundi matatu tangu mwaka 2017: zinazopaswa kupatikana kwa wepesi, zinazopaswa kuangaliwa, na zinazopaswa kuwekwa akiba kwa wakati ambapo nyingine zote zimeshindwa. Amoksilini imo katika kundi la kwanza na seftriaksoni katika la pili. Ili kuchagua kwa haki kati ya hizo, inabidi sampuli ya damu au mkojo ioteshwe maabara, kisha vipande vya karatasi vyenye dawa viwekwe juu ya bakteria walioota ili kuona ni kipi kinachowazuia. Kazi hiyo huchukua siku mbili au tatu, na zahanati za vijijini hazina vifaa vyake. Kwa hiyo tabibu wa Kizingitini mwenye mtoto wa homa kali mikononi hufuata mwongozo ambao kwa sehemu kubwa umetokana na wagonjwa wa hospitali kubwa za mijini, watu wasiokunywa maji ya birika moja na mtoto huyo. Sampuli mia kadhaa zilizokusanywa kwa mpango kutoka Pate, Mpeketoni na Witu zingemwonyesha kama amoksilini bado ni ya kutegemewa kwake au la. Kinachohitajika ni mtaalamu wa maabara anayelipwa kwa wakati, kemikali za kuoteshea zisizokatika, umeme usiozimika usiku, na nafasi ya sanduku la sampuli katika boti ya asubuhi.